Bastola ya kwanza: vikorombwezo vya kununua, vya kuacha, na risasi za kuilisha

"Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mfanyabiashara wa nafaka hapa Kitale. Nimevamiwa mara mbili nikiwa na fedha za mahindi, basi nikaomba leseni, nikachunguzwa, na mwezi uliopita nikapewa cheti. Nimenunua bastola ya milimita 9, ile ya mwili wa plastiki isiyo na kitufe cha sefti, yaani cha kuizuia isifyatuke, ubavuni. Muuzaji ananishawishi nichukue taa ya kufunga chini ya mtutu, leza, magazini ndefu ya risasi 30 na springi za kulainisha triga. Kuhusu risasi, mmoja ananiambia nichukue zile zenye tundu kichwani, mwingine anasema zimepigwa marufuku dunia nzima. Binamu yangu naye ana pakiti ya risasi za zamani, anataka kunipa nifanyie mazoezi. Kila usiku huitoa risasi iliyo chembani, nyuma ya mtutu, na asubuhi nairudisha, kwa sababu nina watoto wadogo. Ninunue nini, niache nini?"

Ndugu yangu, pole kwa kuvamiwa. Swali lako nimelisoma mara mbili, na kilichonishtua si leza wala magazini ya risasi 30. Ni jambo la mwisho, uliloligusa kwa kupita tu: risasi inayotolewa kila usiku na kurudishwa ile ile asubuhi. Hilo nitalifikia. Kwanza tuelewane bastola hii inafanyaje kazi, kwa sababu ushauri wote uliopewa dukani unaichukulia kama pikipiki ya kupamba.

Bastola inayojijaza yenyewe haina nguvu yake. Nguvu yote inaazima kwenye risasi. Unapovuta triga, pini inagonga fataki, kile kidonge cha kuwashia kilicho kitakoni mwa ganda, fataki inawasha baruti, na gesi inakisukuma kichwa cha risasi mbele huku ikilisukuma ganda nyuma. Slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, inarudi nyuma na lile ganda tupu, inalitupa nje, inaikandamiza springi. Springi nayo inairudisha slaidi mbele, na njiani inaikwangua risasi iliyo juu kabisa ya magazini na kuisukuma chembani. Kufumba na kufumbua, yote yameisha. Sasa tazama ni vitu vingapi vinategemeana hapo: baruti ikiwa dhaifu, slaidi haifiki mwisho; mdomo wa magazini ukipinda kidogo, risasi inapanda kwa pembe mbaya; kiganja chako kikilegea, bastola nzima inarudi nyuma pamoja na slaidi, na ganda linabaki limesimama mlangoni kama bomba la jiko. Ndiyo maana mimi risasi na magazini siziiti vikorombwezo. Ni viungo vya mashine yenyewe. Leza ndiyo kikorombwezo.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kununua ni magazini, na ziwe za kiwanda kilichotengeneza bastola yako. Huenda umepewa mbili kwenye boksi. Ongeza ya tatu ikiwa cheti chako na muuzaji vinaruhusu. Chukua rangi ya kucha ya mama watoto, andika 1, 2 na 3 chini ya kila moja. Utacheka, lakini nilikuwa na mwanafunzi ambaye bastola yake ilikwama mara nne kwa asubuhi moja. Alikuwa tayari ameifunga kwenye mfuko aende kugombana na aliyemuuzia. Nikamwambia tuziandike namba kwanza. Mara zote zilizofuata ilikwama na namba 2 peke yake. Tulipoiweka kando ya namba 1 na kuzitazama kwa juu, mdomo wa namba 2 ulikuwa umefunguka upande mmoja, upana wa ukucha tu: ilikuwa imemwangukia kwenye sakafu ya saruji ikiwa imejaa. Bastola haikuwa na kosa lolote.

Ile ndefu ya risasi 30 mwachie muuzaji. Inaning'inia chini ya kitako, haifichiki chini ya shati, na wewe unatakiwa kuificha. Pia usiogope ule uvumi kwamba magazini ikikaa imejaa springi inakufa. Springi nzuri huchoshwa zaidi na kukandamizwa na kuachiliwa mara elfu kuliko kukaa imekandamizwa. Ile ya mazoezi ndiyo itakayochoka, kwa hiyo tenga moja ya kuangushwa vumbini na nyingine mbili za kubeba.

Cha pili ni ala, yaani mfuko wa kubebea bastola kiunoni, na hapa sitaki ubane senti. Bastola yako haina sefti ya kidole gumba. Kinga yake ya nje iko kwenye triga yenyewe, kale kaulimi kadogo katikati yake. Maana yake ni kwamba chochote kitakachoingia mbele ya triga na kuivuta nyuma kitafyatua: kidole, kamba ya jaketi, pindo la shati. Ala ndiyo sefti yako. Iwe ngumu, iliyofinyangwa kwa ajili ya modeli yako hasa, na iifunike triga yote pamoja na pete inayoizunguka. Ukiishika bastola ndani ya ala, usiweze kuigusa triga kutoka upande wowote. Mdomo wake ubaki wazi hata bastola ikitoka, ili usilazimike kuufungua kwa kidole ukiwa na silaha mkononi. Zile za kitambaa laini zinazovaa kila bastola ni za kubebea miwani. Ya ngozi ni nzuri ikiwa mpya na nene, lakini ikizeeka hulainika, mdomo unajikunja kwa ndani, na siku unaisukuma bastola kwa haraka ule mkunjo unafanya kazi ya kidole. Pamoja na ala nunua mshipi mgumu, kwa maana mshipi wa suruali ya kanisani utaining'iniza bastola kama embe.

Na ukiirudisha bastola kwenye ala, irudishe polepole huku ukitazama. Kuitoa kunaweza kuhitaji haraka. Kuirudisha hakuna haraka hata siku moja.

Tuje kwenye risasi. Soma kilichoandikwa kwenye mtutu wako, kisha usome boksi, kisha usome kitako cha ganda. Vitatu vikubaliane. Kwako patakuwa na 9×19, au 9 mm Luger, au 9 mm Parabellum. Hayo ni majina matatu ya kitu kimoja, kazi ya Mwaustria Georg Luger tangu 1902. Lakini "milimita 9" peke yake haitoshi. Kuna 9×18 ya Makarov, ambayo ganda lake ni fupi na kichwa chake ni kinene zaidi kidogo. Kuna 9×17, inayoitwa pia .380 au 9 mm fupi. Nimeona mtu akinunua hiyo ya mwisho kwa sababu boksi liliandikwa 9 mm naye hakuendelea kusoma.

Namba nyingine utakayoiona ni uzito wa kichwa, unaopimwa kwa greni: 115, 124 au 147. Kwa gramu ni kama 7.5, 8 na 9.5. Nyepesi huenda kasi zaidi, nzito huenda polepole. Ya 147 kwa kawaida haifikii kasi ya sauti. Anayekuambia nzito ndiyo kali anakuuzia hadithi. Anza na 115 au 124, kwa sababu bastola nyingi za ukubwa wa yako huzila bila kulalamika na huwa rahisi kuzipata.

Sasa hiyo ya tundu. Aliyekuambia imepigwa marufuku dunia nzima ameokota nusu ya habari. Mwaka 1899, kule The Hague, Uholanzi, mataifa yalitia sahihi azimio la kutotumia vitani risasi zinazopanuka au kubapa mwilini. Zilizochochea hoja hiyo ni zile za Dum Dum, mji wenye kiwanda cha silaha karibu na Calcutta wakati wa Waingereza. Azimio lile lilihusu majeshi yanapopigana. Polisi wa nchi nyingi, Marekani ikiwemo, wanabeba risasi za tundu hadi leo. Kwako wewe sheria inayohesabika ni Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, pamoja na masharti yaliyoandikwa kwenye cheti chako. Kabla ya kununua aina yoyote, ipigie Bodi ya Leseni za Silaha au nenda ofisini kwao uulize, na uulize pia idadi unayoruhusiwa kuwa nayo kwa wakati mmoja. Usichukue neno la muuzaji, wala langu.

Kwa nini watu wanaitaka? Risasi ya kawaida, ile iliyovikwa koti zima la shaba, haibadiliki umbo sana ikigonga. Inapita. Inaweza kumpita mtu na kuendelea, au kukosa na kupenya mlango wa mbao, mabati na dari kama vile havipo. Wewe unaishi Kitale mjini, na nyuma ya ukuta wako yuko jirani. Ya tundu hukusudiwa kufunguka ndani ya mwili na kuishia humo. Baada ya mapambano ya Miami ya Aprili 1986, ambapo maofisa wawili wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, waliuawa, shirika hilo liliweka kipimo cha kuzijaribu kwenye jeli inayoigiza mwili: ifike angalau inchi 12 na isizidi 18, yaani kati ya sentimita 30 na 46 hivi. Viwanda vingi vinavyotengeneza risasi za kujilinda hufuata kipimo hicho.

Lakini usidhani tundu ni miujiza. Huko kwenu kuna baridi na watu huvaa majaketi mazito. Tundu likizibwa na kitambaa, linaweza lisifunguke, na risasi ikaenda kama ile ya kawaida. Halafu kuna tatizo la mashine: mdomo mpana wa risasi hiyo unaweza kujikwaa kwenye ule mteremko wa kuingilia chembani. Bastola moja inaipenda, nyingine inaitema. Huwezi kujua kwa kusoma boksi. Ukiruhusiwa na ukaamua kuibeba, piga risasi zisizopungua 50 za aina hiyo hiyo kutoka kwenye magazini zako za kubeba. Ikikwama hata mara moja na mkono wako haukulegea, badili aina. Ndiyo, ni ghali, na unaumia ukiziona zinaishia kwenye karatasi. Mimi ningebeba risasi ya kawaida niliyoijaribu mara 300 kuliko ya tundu ambayo sijaipiga hata moja. Na zile zilizoandikwa +P, ambazo shinikizo lake linaruhusiwa kufika asilimia 10 juu ya kiwango cha kawaida, ziache. Zinachakaza bastola, zinarusha mkono, na mtu anayejifunza anajifunza kukunja uso kabla ya mlio.

Pakiti ya binamu yako isiingie nyumbani kwako. Kila risasi unayomiliki inatakiwa iwe imepatikana chini ya cheti chako. Ya kupewa chini ya mwembe ni kosa lako na lake. Kama yeye hana leseni, azipeleke kituo cha polisi, na akiogopa aende na wakili. Hata kama sheria isingekuwepo, ningekukataza. Fataki za risasi nyingi za zamani za kijeshi zilitumia kemikali inayoacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa, na kwa mvua za Kitale utakuta kutu kabla ya wiki kuisha. Mafuta ya silaha peke yake hayaitoi. Inatolewa kwa maji, kisha ukaushe, kisha ndipo upake mafuta. Nani alikuambia hayo ulipokuwa ukipokea pakiti ya bure?

Sasa ile risasi ya asubuhi na usiku. Leo jioni fanya hivi. Elekeza mtutu mahali salama, toa magazini, vuta slaidi, hakikisha chemba ni tupu kwa macho na kwa kidole. Chukua ile risasi uliyoirudisha kila siku kwa mwezi mzima, uisimamishe mezani kando ya mpya kutoka boksi lile lile, kisha inama macho yawe usawa wa meza. Sitashangaa ukiona yako ni fupi. Kila mara slaidi inapoisukuma chembani, pua yake inagonga ule mteremko, na kichwa kinadidimia kidogo ndani ya ganda. Nafasi ya baruti inapungua, na nafasi ikipungua shinikizo linapanda, wakati mwingine kwa kiasi cha kuharibu bastola na mkono unaoishika. Risasi iliyopungua kimo usiipige na usijaribu kuivuta kwa koleo. Mpe fundi wa silaha au yule aliyekuuzia. Kuanzia sasa, risasi iliyowahi kuingia chembani mara mbili au tatu iende kwenye boksi la mazoezi, ikiwa bado ina kimo sawa na wenzake.

Kilicho bora zaidi ni kuacha kabisa mchezo wa kuijaza na kuitoa kila siku. Kila kushika ni nafasi ya kukosea, na risasi nyingi zinazotoka bila kukusudiwa hutoka hapo hapo, mtu akiamini chemba ni tupu. Nunua sanduku la chuma lenye kufuli, dogo tu, lakini lifungwe kwa bolti ukutani au sakafuni, kwa sababu sanduku lisilofungwa ni zawadi kwa mwizi. Usiku bastola iingie humo ikiwa ndani ya ala yake, bila kuguswa triga. Risasi za akiba zifungiwe kwingine. Ukitaka iwe tupu, basi itoe risasi mara moja unapoiweka kwa siku kadhaa, si kila jioni. Juu ya kabati si mahali. Chini ya godoro si mahali. Watoto wako wanajua biskuti zilikofichwa, na bastola wataijua pia.

Taa na leza nitavipitia haraka. Leza inakufundisha kutafuta kidoa chekundu badala ya kutazama shabaha, na betri yake huisha siku usiyoitarajia. Taa ya chini ya mtutu ina faida kwa aliyefunzwa, lakini fikiria: ukimulika kitu kwa taa hiyo, umeshakielekezea bastola. Stima imepotea, umesikia kishindo jikoni, unamulika. Kumbe ni mpwa wako aliyefika na basi la usiku. Nunua tochi nzuri ya mkononi. Pia ukibadili na kufunga taa, ile ala uliyoinunua kwa bei haitaingia tena. Springi za kulainisha triga ndizo zinazonikasirisha zaidi. Ule uzito wa triga ni sehemu ya usalama wa bastola isiyo na kitufe, na springi dhaifu inaweza kuifanya pini igonge fataki kwa ulegevu, nawe ukasikia "tik" mahali ulipotarajia mlio. Akikutajia na kizuia sauti, aga uondoke.

Fedha ulizookoa hapo zinunue kinga ya masikio na miwani. Mlio wa milimita 9 unafika takriban desibeli 160, na kelele ya ghafla ikizidi 140 hudhuru sikio papo hapo, halioti jipya. Jitihada ya ziada ni vizibo vya sikio chini ya vile vya kufunika. Na lugha yetu imetusaidia kitu hapa: risasi ya bastola ina jina moja na risasi ile metali nzito inayodhuru akili za watoto. Metali hiyo iko kwenye vichwa vingi vya risasi, na iko kwenye moshi wa fataki. Baada ya kupiga, nawa mikono na uso kwa sabuni na maji baridi, usile kiwanjani, na nguo za mazoezi usimbebee nazo mtoto ukifika nyumbani. Seti ya kusafishia iwe ya brashi, vitambaa, kiyeyushi na chupa ndogo ya mafuta. Matone manne au matano kwenye bastola nzima yanatosha. Mafuta mengi hukusanya vumbi la barabara za shamba na kuwa kama mchanga wa kusagia. Ongeza risasi bandia tano za kuigiza za plastiki, ufanye mazoezi ya kuvuta triga ukiwa na ukuta imara mbele yako na risasi za kweli zikiwa chumba kingine.

Kuna mambo ambayo maandishi hayawezi kuyafanya. Usiibebe ikiwa na risasi chembani mpaka mwalimu wa shabaha amekuona ukiitoa na kuirudisha kwenye ala mara nyingi, mwanzo ikiwa tupu. Ukivuta triga ikasema "tik", shikilia mtutu kuelekea shabaha ukihesabu hadi 30 kabla ya kuifungua, kwa maana fataki nyingine huchelewa. Ukisikia "puf" badala ya mlio, na mkono haukurushwa, hapo simama kabisa. Kichwa cha risasi kinaweza kuwa kimekwama ndani ya mtutu, na ukipiga nyingine nyuma yake mtutu utapasuka. Inua mkono mtupu, mwite msimamizi wa kiwanja, na bastola isipigwe tena mpaka fundi ameutazama mtutu. Vivyo hivyo kama slaidi imepasuka popote, au maganda yanatoka yamevimba, au triga hairudi mbele baada ya kuachiliwa.

Na hili naliuliza kwa heshima, kwa sababu umevamiwa mara mbili. Ikiwa usiku hulali, unaruka kwa kila mlio wa pikipiki, au una siku unazoona heri usingekuwepo, mwambie daktari na umwambie mtu mmoja unayemwamini. Kisha uende kwa aliyekuuzia au kwa polisi uulize utaratibu wa kuihifadhi bastola nje ya nyumba kwa muda. Hilo nimewahi kumshauri askari mwenzangu, akaifuata, na sasa tunapiga naye shabaha Jumamosi.